Omena, dagaa, mukene: kisa cha tovuti ya wiki ya maktaba moja Kisumu

Kisa hiki ni cha maktaba ya chuo kimoja jijini Kisumu. Majina ya chuo, idara na watu nimeyatoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemfichua mtu nimeyabadilisha. Nilikuwa mmoja wa wakutubi walioanzisha shughuli yenyewe, kwa hiyo makosa mengi utakayoyasoma humu ni yangu. Nayaandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu wanaowaza kuandaa miongozo ya masomo, yaani maelekezo ya kumsaidia mwanafunzi kutafuta vitabu na makala za somo lake, kwa njia ya wiki (ile tovuti ya kuhaririwa na wasomaji, si juma la siku saba), hasa wale ambao bajeti yao, kama yetu, huisha kabla ya mwaka.

## Hali ilivyokuwa

Kwa miaka mingi tulikuwa na kipeperushi. Karatasi ya manjano, kurasa nne, ukiikunja inaingia mfuko wa shati. Kile cha wanafunzi wa uvuvi na ufugaji wa samaki kilieleza rafu za 597 na 639, kikataja majarida machache na anwani za tovuti za kuanzia. Tulikichapisha kila Septemba. Kufikia Januari anwani kadhaa hazifunguki tena, na kipeperushi chenyewe unakikuta nje ya lango kimefungiwa mandazi.

Tovuti ya chuo haikutufaa. Ilikuwa mikononi mwa ofisi ya tehama, na kuongeza kiungo kimoja kulihitaji barua ipitie kwa mkuu wa maktaba. Barua niliyoandika mwezi wa pili ilijibiwa mwezi wa tano, na kiungo walichokiweka kilikosewa herufi moja. Zipo programu za kulipia zilizoundwa kwa kazi hiihii. LibGuides, inayotumika katika maktaba nyingi za vyuo vikuu duniani, ilitoka 2007. Lakini hulipiwa kila mwaka, na fungu letu la vitu vya mtandaoni lilikuwa limeshamezwa na ada za majarida.

Ndipo mwenzangu mmoja, kijana mpenda kompyuta, akaleta wazo la wiki. Kwa asiyejua, wiki ni tovuti ambayo msomaji anaweza kuihariri papo hapo, na kila toleo la ukurasa huhifadhiwa ili ukikosea urudi nyuma. Ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham mnamo Machi 1995. Jina alilitoa kwenye neno la Kihawaii, wiki wiki, yaani haraka haraka, alilolikuta kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Watu wengi hulijua jina hilo kupitia Wikipedia, iliyokuja Januari 2001.

Kijana wetu alikuwa amesoma habari za mkutubi Chad Boeninger wa Ohio University, aliyeanzisha Biz Wiki mwaka 2005 kuwa mwongozo wa utafiti wa masuala ya biashara. Tulizisoma pamoja, tukafurahi. Ninapokumbuka sasa naona tulilishika neno "wiki" tukaliruka neno "mkutubi". Mwongozo ule ulikuwa na mtu wa somo hilo nyuma yake, mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo. Sisi tulidhani siri ilikuwa kwenye programu.

## Maamuzi mawili ya kwanza: programu gani, na nani aandike

Programu tulizolinganisha zilikuwa mbili. MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, ina nguvu lakini inataka hifadhidata ya kutunzwa, na hapakuwa na mtu wa kuitunza. DokuWiki huweka kila ukurasa katika faili la maandishi ya kawaida. Ukinakili folda moja kwenye flashi, umeshachukua tovuti nzima. Tukachukua DokuWiki, tukaiweka kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya maulizo, na kila Ijumaa jioni mmoja wetu ananakili folda.

Uamuzi huo sijawahi kuujutia. Katika muhula uleule stima ilipotea na kurudi mara tatu kwa asubuhi moja, na kompyuta ile haikuwaka tena. Tulichukua flashi ya Ijumaa, tukaipachika kwenye kompyuta ya kutolea vitabu, na kabla ya chakula cha mchana wiki ilikuwa hewani. Tulipoteza kazi ya siku tatu, basi.

Uamuzi wa pili ndio ulioleta kesi. Nani aandike? Kijana na mimi tulitaka kila mwenye namba ya usajili wa chuo aweze kuhariri ukurasa wowote. Hoja yetu ilikuwa kwamba wakutubi wanne hawawezi kuandikia idara tisa, na kwamba mwanafunzi atauamini zaidi mwongozo aliochangia mwenyewe. Mkuu wa maktaba, ambaye sote tulimwita Mzee, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kitabu cha wageni ukikiacha mlangoni bila mtu, kila mpita njia ataandika lake. Na wageni mnaowataka hawataandika." Tulimwona mtu wa kizamani. Akatia saini hata hivyo, kwa sharti kwamba tuanze na idara moja. Tukachagua uvuvi, kwa sababu ziwa liko mlangoni na wanafunzi wake ndio waliokuwa wakitusumbua zaidi.

## Majuma ya kimya

Tulifungua na kurasa 14. Sita zilikuwa na maandishi. Nane zilikuwa na vichwa tu, tukitarajia wanafunzi wazijaze. Katika DokuWiki, kiungo cha ukurasa ambao haujaandikwa huonekana chekundu. Ukurasa wetu wa mwanzo ulikuwa mwekundu kama nyanya za Kibuye.

Tuliingia madarasani kutangaza, na mhadhiri mmoja akatusifu sana. Majuma matano yakapita. Kila asubuhi nilifungua orodha ya mabadiliko ya karibuni nikaona majina mawili: langu na la kijana.

## Omena

Siku moja akaja mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa ufuoni. Mradi wake ulikuwa juu ya ukaushaji wa omena, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Madam, nimetafuta siku mbili. Makala ni saba tu, na tatu ni za kuku."

Za kuku zilikuwa kweli, maana omena hutiwa kwenye chakula cha mifugo. Nikamuuliza aliandika neno gani. "Omena." Nikamwambia ajaribu dagaa, kwa sababu Watanzania wanaandika dagaa. Akaenda, akarudi kesho yake na makala kumi na mbili, amefurahi. Nami nikafurahi. Juma lililofuata mhadhiri wake akamrudishia rasimu imechorwa wino mwekundu: nusu ya makala zile zilihusu dagaa wa Ziwa Tanganyika. Dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*. Omena wa Ziwa Victoria ni *Rastrineobola argentea*. Kijana wa watu alikuwa amelinganisha ukaushaji wa samaki wake na ukaushaji wa samaki wa ziwa jingine, na aliyemwelekeza huko ni mimi.

Tukaketi pamoja kwenye kompyuta ya meza ya maulizo. Tulipoandika jina la kisayansi, makala zikaja za Kenya, Tanzania na Uganda, zote za samaki yuleyule. Akiwa anasoma vichwa akasema, kama mtu anayejisemea, "Kumbe mukene ndiyo hii. Shangazi yangu huuza Busia, wanunuzi wa Uganda wanaiita mukene." Nikamwambia, "Usiondoke. Yaandike hayo." Nikamfungulia ukurasa mpya, nikamwonyesha jinsi ya kuchora jedwali, naye akaandika mstari mmoja:

| omena | dagaa | mukene | Rastrineobola argentea |

Chini yake akaongeza kwa maneno yake: "Ukiandika dagaa peke yake utaletewa wa Tanganyika na wa baharini. Ongeza Victoria."

Huo ndio ulikuwa mchango wa kwanza wa mwanafunzi kwenye wiki yetu. Baada ya majuma mawili ukurasa ule, tuliouita Majina, ulikuwa na mistari kumi na moja. Mbuta aliingia pamoja na sangara wa Watanzania na mputa wa Waganda, na *Lates niloticus* mwishoni. Ngege alileta maelezo marefu, kwa sababu jina hilo awali ni la *Oreochromis esculentus*, samaki ambaye leo ni adimu ziwani, ilhali anayeuzwa sokoni kwa jina la ngege mara nyingi ni *Oreochromis niloticus*. Kamongo, samaki mwenye mapafu, aliandikwa na binti wa mpakani, akaweka kwenye safu ya Uganda neno "mamba" na kando yake onyo: "si yule wa kula watu". Tulicheka, lakini alikuwa ametuepusha na jambo. Mwanafunzi anayejua Kiswahili akisoma ripoti ya Uganda inayotaja mavuno ya mamba atadhani waandishi wamechanganyikiwa.

Hata gugumaji likapata mstari. Kwa miaka mingi limeandikwa *Eichhornia crassipes*, kisha wataalamu wa mimea wakalihamishia jenasi ya Pontederia. Anayetafuta kwa jina jipya pekee anakosa karibu kila kilichoandikwa tangu gugu hilo lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na anayetafuta kwa jina la zamani pekee anakosa ya juzi. Ukurasa ukasema: andika yote mawili.

Kipeperushi cha manjano hakikuwa na hata neno moja la haya. Miaka yote hiyo tulimwonyesha mwanafunzi rafu na tovuti, tukasahau kwamba akifika hapo hana neno la kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

## Zoezi la alama

Ukurasa wa Majina ulitupandisha kichwa. Tukasema, ikiwa wanaweza haya, wataweza yote. Mhadhiri aliyetusifu akakubali kutoa zoezi: kila mwanafunzi wa darasa lake la watu 34 atafute makala moja ya kitaaluma, aieleze kwa aya moja kwenye wiki, aseme ubora na udhaifu wake. Alama kumi. Mwisho wa kuwasilisha, Ijumaa saa sita usiku.

Kufikia Alhamisi jioni walikuwa wameandika wanne. Ijumaa saa tatu usiku simu yangu ikaanza kulia. Tulikuwa tumewapa wote ukurasa mmoja wa kuandikia. DokuWiki huuwekea kufuli ukurasa unaohaririwa ili mwingine asiingie, na kufuli hilo likikaa robo saa bila mhariri kuandika chochote, linaachia mwingine aingie. Wanafunzi thelathini walikuwa mlango mmoja, kila mmoja akisubiri mwenzake atoke. Binti mmoja aliandika aya yake kwenye simu, akaenda kupakua sufuria, akarudi kufuli limeisha na mwingine ameshaingia. Aya ikapotea. Alilia kwenye simu na sikuwa na la kumwambia isipokuwa pole.

Zilizofika zilikuwa kitu kingine. Nyingi zilikuwa ikisiri za makala zilizonakiliwa neno kwa neno. Kwenye "ubora na udhaifu" walirudia sentensi moja, kwamba makala ni nzuri na ina takwimu, na mmoja aliyeinakili alibeba mpaka jina la mwenzake.

Muhula uliofuata tulibadilisha mambo mawili. Kila mwanafunzi alipewa ukurasa wake, na badala ya kuhukumu makala alijibu maswali matatu: ulitafuta kwa maneno gani, uliipata wapi, na ilikusaidia kwenye sehemu gani ya kazi yako. Majibu yalikuwa mafupi, yenye makosa ya tahajia, na ya kweli. "Nilitafuta fish cage Kisumu nikakosa, nikaweka cage culture Lake Victoria nikapata." Kwenye kurasa zile nilijifunza mengi zaidi juu ya namna wanafunzi wetu wanavyotafuta kuliko miaka yote niliyokaa meza ya maulizo.

## Nywila kwenye ukurasa

Katikati ya muhula huo tuliitoa wiki nje ya mtandao wa ndani wa chuo, ikawa inaonekana popote. Wanafunzi walio nyumbani na kwenye mafunzo ya nyanjani waliiomba, na hoja ilikuwa nzuri.

Chuo chetu kilikuwa kimejiandikisha na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati njia ya kusoma majarida bure au kwa bei ndogo. AGORA, sehemu yake ya kilimo, inahusu uvuvi pia. Kuingia kunatumia jina na nywila za taasisi, ambazo hazipaswi kubandikwa hadharani. Ukurasa wetu ulisema: "Nywila utaipata kwenye meza ya maulizo." Mwanafunzi mmoja mwenye moyo mwema akaufuta mstari huo akaandika nywila yenyewe.

Niligundua baada ya siku tisa. Nikaufuta mstari, nikahifadhi, nikapumua. Juma la pili fundi wa tehama akapita mezani, nikamsimulia. Akacheka, akavuta kibodi, akabonyeza kitufe cha matoleo ya zamani. Nywila ikatokea tena, safi, na saa na dakika ilipoandikwa.

Ile sifa tuliyoitangaza madarasani, kwamba kwenye wiki hakuna kinachopotea, ndiyo ilitugeuka. Matoleo ya zamani ya DokuWiki hukaa kwenye folda iitwayo attic, yaani dari. Tulilazimika kupanda darini na kufuta mafaili yale kwa mkono, kisha tukaomba nywila ibadilishwe, maana kitu kikishakaa mtandaoni majuma mawili huwezi kuapa kwamba hakijachukuliwa.

Mzee alitaka mwanafunzi aitwe mbele ya kamati ya nidhamu. Nilimpinga, na hapa nadhani nilikuwa sahihi. Meza ya maulizo hufungwa saa kumi na moja jioni. Mwanafunzi yule alikuwa akisoma saa nne usiku, akiwa Siaya, kwa bando la shilingi ishirini. Alitatua shida ambayo sisi tuliiweka. Hatimaye alipewa onyo la mdomo, na sisi tukaweka namba ya simu ya zamu ya jioni ambayo mwanafunzi aliyesajiliwa anaweza kuipiga kuomba nywila.

## Likizo ya Agosti

Hili nitalisema upesi. Ili kupunguza kazi ya kuwafungulia wanafunzi akaunti, kijana aliruhusu watu wajisajili wenyewe. Agosti, wengi wetu tukiwa likizo, roboti za matangazo ziliingia. Tuliporudi tulikuta kurasa zaidi ya 200 za kasino, dawa za kupunguza unene na mikopo, na ukurasa wa mwanzo wa mwongozo wa uvuvi unakaribisha watu kucheza kamari. DokuWiki ina kifaa cha kurudisha mabadiliko mabaya kwa wingi, tukakitumia, ila kufuta akaunti za uongo kulituchukua siku mbili nzima. Kujisajili kukafungwa na hakujafunguliwa tena.

## Matokeo

Mwaka uliofuata kijana alipata kazi bora kaunti nyingine. Nywila kuu ya wiki ilikuwa imeunganishwa na barua pepe yake binafsi. Alikuwa mwungwana, akatusaidia kwa simu, lakini tulikaa juma zima bila kuweza kubadilisha chochote.

Leo wiki ina kurasa tisa. Saba zinaandikwa na mkutubi mmoja aliyetajwa kwa cheo juu ya ukurasa, pamoja na mwezi ulipokaguliwa mara ya mwisho. Wahadhiri wawili wana ruhusa ya kuzihariri. Ya nane hukusanya majibu ya maswali matatu, na hufungwa muhula ukiisha. Ya tisa ni Majina, na hiyo pekee ndiyo mwanafunzi yeyote mwenye akaunti anaweza kuigusa wakati wowote. Idara nyingine nane hazikupata wiki. Zilipata ukurasa mmoja mmoja wa kawaida kwenye tovuti, na kipeperushi cha manjano kikarudi kwa walioomba.

## Uchambuzi

Kwa muda mrefu tulieleza kimya cha majuma yale kwa kusema wanafunzi ni wavivu. Nilipokaa kupitia historia ya ukurasa wa Majina nikaona jambo jingine. Waliouandika walikuwa kumi na mmoja, na tisa kati yao waliandika wakiwa wamesimama au wameketi mezani petu, mara tu baada ya kusaidiwa. Hakuna tangazo la darasani lililomleta hata mmoja. Waliandika kwa sababu mtu aliwaambia "yaandike hayo" wakati jambo likiwa bado moto kichwani.

La pili, tuliwaomba kile walichokuja kukitafuta kwetu. Kupima ubora wa makala ni kazi ya mkutubi na mhadhiri, na ndiyo iliyomfanya mwanafunzi aje maktaba. Kumtaka ajaze ukurasa wa "vyanzo bora" ni kumwomba mgonjwa ajiandikie dawa. Alichokuwa nacho yeye, na ambacho sisi tulikosa, ni majina ya samaki, lugha za ufuoni, na kumbukumbu ya maneno yaliyofeli. Ukurasa uliomwomba hayo ulijaa. Uliomwomba mengine ulijaa ikisiri za kunakiliwa. Mimi mwenyewe, nikiwa na shahada yangu ya ukutubi, nilimpeleka mtu Kigoma akitafuta omena.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wiki haifai kwa miongozo ya masomo, wala na wanaosema ifunguliwe yote. Swali la nani aandike halijibiwi mara moja kwa tovuti nzima. Linajibiwa ukurasa kwa ukurasa, na DokuWiki inaruhusu kuweka ruhusa tofauti kwa kila ukurasa. Tungeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza lau tungejiuliza.

Kuhusu viungo, wiki haikututibu ugonjwa wa kipeperushi. Ilirahisisha kuvirekebisha, lakini haikumpa mtu jukumu la kuvikagua. Hazina ya machapisho ya samaki na bahari iliyoitwa Aquatic Commons ilipounganishwa na OceanDocs kuwa AquaDocs, anwani zetu zilibaki za zamani kwa zaidi ya muhula, kila mtu akidhani mwenzake ameshazigusa. Sasa tunaweka kitambulisho cha kudumu cha makala badala ya anwani iliyonakiliwa juu ya kivinjari, na tarehe ya ukaguzi iliyo kichwani inamwaibisha mwenye ukurasa. Aibu inafanya kazi nzuri kuliko mkutano.

Jambo nililochelewa kuliona kuliko yote ni simu. Sisi tuliijaribu wiki kwenye kompyuta; wao waliifungua kwenye simu. Kuchora jedwali kwa vistari vile kwa kidole gumba ni adhabu. Suluhisho tulilolipata si la kiteknolojia. Kando ya kompyuta ya meza ya maulizo kuna daftari la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwanafunzi anaandika jina la samaki, mahali alipolisikia, na jina lake akipenda. Ijumaa, kabla ya kunakili folda, mmoja wetu anayahamishia kwenye ukurasa wa Majina. Mzee, ambaye sasa amestaafu, alipita siku moja akaliona daftari lile limefunguliwa mezani, mkutubi ameketi mbele yake. Hakusema kitu. Alitabasamu tu, akaomba gazeti.

Mstari mmoja wa jedwali haujatulia mpaka leo, nao ni wa fulu. Wajaluo huwaita fulu wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita furu na Waganda nkejje. Mwanafunzi mmoja aliweka kwenye safu ya mwisho neno *Haplochromis*. Mhadhiri akalifuta, akaandika kwamba ni mamia ya spishi na jenasi zaidi ya moja. Mwanafunzi akalirudisha na maelezo: machapisho ya zamani yanatumia neno hilohilo, na huu ni ukurasa wa maneno ya kutafutia, si wa uainishaji. Historia inaonyesha limefutwa na kurudishwa mara nne. Mara ya mwisho nilipotazama lilikuwepo, na kando yake mhadhiri ameandika: "Tutaongea."